ThinkPad ya mtumba, kitochi, na meza isiyozimika

Mezani pangu kuna vifaa vinane vya kazi, na kati ya hivyo ni kimoja tu nilichokinunua kikiwa kipya. Vilivyobaki vilikuwa na wenyewe kabla yangu: kompyuta ilitumika katika ofisi fulani ya Ulaya ambayo siijui, kioo cha ziada cha kompyuta kilitoka kwa rafiki aliyehama nchi, na simu ndogo ya vitufe nilipewa na mama mdogo siku aliponunua simu janja yake ya kwanza. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikiandika programu kwa ajili ya riziki hapa Dar es Salaam, na hamu yangu ya vifaa haijapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni aina ya kifaa kinachonivutia. Nilipoanza nilitamani kilichotoka jana. Siku hizi natamani kile ninachoweza kukifungua kwa bisibisi nikakiona kilivyo ndani, na kinachoniambia ukweli kuhusu kazi yangu mapema, kabla kosa langu halijamfikia mtu wa mbali asiye na pa kulalamikia.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad X220 ya mwaka 2011. Niliipata Kariakoo, kwenye duka la ghorofa ya pili ambako kompyuta za mtumba zilizopitia Dubai husimamishwa rafuni kama vitabu, migongo ikiwa nje, na mnunuzi huvuta moja moja. Nilipoivuta hii, muuzaji alinionea huruma.

"Kaka, hiyo ni ya zamani, itakusumbua. Chukua hii nyembamba, betri inafika saa sita."

Nilimshukuru, nikamwomba aniwashie ile ile, kisha nikainama upande kuona kama rangi za kioo zinageuka, kwa sababu X220 zilitoka na vioo vya aina mbili, na kile kizuri hubaki na rangi zake hata ukikitazama kutoka pembeni kabisa. Rangi hazikugeuka. Tulikubaliana shilingi 380,000, akaniongezea chaja ya akiba, nami nikashuka ngazi kwa furaha ambayo sikuweza kuificha.

Sababu ya kuing'ang'ania mashine hiyo ni kibodi. ThinkPad 700C ilitolewa na IBM mwaka 1992, ikiwa na umbo jeusi la pembe kali alilolibuni Richard Sapper, na kile kitone chekundu cha mpira kinachokaa katikati ya G, H na B, ambacho huendesha kishale bila mkono kuondoka kwenye vitufe. Lenovo iliinunua biashara ya kompyuta binafsi ya IBM mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa kibodi ya safu saba iliendelea, mpaka mwaka 2012 ilipopunguzwa ikawa ya safu sita na vitufe vyake vikabadilishwa umbo. Ukiacha toleo la ukumbusho lililotoka mwaka 2017, X220 na wenzake wa mwaka 2011 ndio wa mwisho kubeba safu saba. Anayeandika barua hatauona uzito wa jambo hilo. Lakini mtu anayeshinda akipanda na kushuka ndani ya faili la mistari elfu tatu, akiwa na Home, End, Page Up na Page Down mahali pake pa kudumu, na Esc na Delete zilizorefushwa maradufu ili kidole kizipate bila macho kutafuta, mwisho wa siku huwa na nguvu iliyobaki ya kuwaza.

Sababu ya pili iko upande wa chini. Betri hutoka kwa kusukuma vishikizo viwili, bila kifaa chochote. Diski inafunikwa na skrubu moja, kumbukumbu zinafunikwa na kifuniko cha skrubu. Mtengenezaji alitangaza kwamba inapokea GB 8 za kumbukumbu, lakini watumiaji waligundua zamani kwamba GB 16 zinakubali bila tatizo, nami nilizipachika nikiwa nimekaa sakafuni, kwa muda usiotosha chai kupoa. Kibodi niliyonayo sasa ni ya pili. Niliitoa kwenye X220 nyingine iliyokufa ubao, ambayo fundi mmoja aliniuzia kwa bei ya vipuri. Nikiitazama ile kibodi ya zamani iliyolala kwenye droo, naona chini yake matundu madogo ya kupitishia maji yakimwagika, na kila mara navutiwa kwamba kuna mhandisi aliyekaa akafikiria kikombe cha chai cha mtu asiyemjua. Kuna pia kitaa kidogo juu ya kioo, kinachomulika vitufe. Umeme ukikatika usiku, nabonyeza vitufe viwili, nacho kinaangaza mkono wangu na daftari langu, na kazi inaendelea.

Sisemi kwamba mashine hii inamfaa kila mtu. Kioo chake ni cha inchi 12.5 na kinabana, kurasa nzito za wavuti huifanya ipumue kwa nguvu, na kazi ya kutengeneza programu za simu za Android huipeleka polepole kiasi kwamba nimeihamishia kwenye kompyuta ya mezani ya ofisini. Anayehariri video asiiguse. Lakini kazi yangu kubwa ni maandishi, na kwa maandishi sijaona chombo kinachoizidi.

Maandishi hayo nayaandikia Vim, programu ya kuhariri maandishi, na hapa niseme jambo ambalo vijana wengi wanaoingia kwenye fani hawalijui. Vim ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi aitwaye Bram Moolenaar. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na aliporudi kwao hakuwasahau: aliiacha programu yake iwe ya bure, akamwomba kila anayeifaidi achangie masomo na matibabu ya watoto wa kule. Mpaka leo, ukiifungua Vim bila faili, mara nyingi ukurasa wa kwanza unakutajia watoto wa Uganda. Mamilioni ya wahandisi duniani wamefungua siku yao ya kazi kwa sentensi inayotaja nchi jirani yetu, wengi wao bila kuuliza ilifikaje hapo. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na siku niliyosikia habari ile niliifungua programu yake tupu, nikausoma ukurasa ule mstari kwa mstari, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa miaka yote niliyoitumia.

Chombo cha pili kisichoonekana mezani, lakini kinachobeba kila kitu, ni Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, yaani maandishi ya programu. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya waandishi wa mfumo endeshi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo waliokuwa wakiutegemea kutunzia msimbo wao, na uamuzi mkubwa alioufanya ni kwamba kila mwandishi awe na historia nzima ya kazi kwenye diski yake mwenyewe. Nadhani sisi tunaoishi na intaneti ya kukatika tunauelewa uamuzi huo kuliko watu wa miji ambayo mtandao wake haujawahi kuzimika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na ya majirani ikadhoofika kwa siku kadhaa. Wiki ile tulikuwa na kazi ya kukabidhi. Mwenzangu alikuwa Mbezi, mimi nilikuwa Tabata, na hakuna aliyeweza kufikia seva tunayohifadhia msimbo wetu nje ya nchi. Nilifunga historia yote ya mradi katika faili moja kwa amri ya git bundle, likatoka na ukubwa usiofika MB 40, nikaliweka kwenye flashi, na bodaboda akalipeleka. Jioni flashi ilirudi na kazi yake ya siku nzima, nikaiunganisha na yangu, na kila badiliko lilikuja na jina lake, saa yake na maelezo yake kana kwamba tulikuwa tumeketi chumba kimoja. Mtandao uliporejea tulisukuma yote kwenye seva kwa mkupuo. Naikumbuka wiki ile kuliko wiki nyingi zilizokwenda bila tatizo, kwa kuwa ndipo nilipoona kwa macho kwamba chombo tunachokitumia kila saa kiliundwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kile kifaa kimoja nilichokinunua kipya ni Raspberry Pi 4. Raspberry Pi ya kwanza ilitoka tarehe 29 Februari 2012, kompyuta nzima kwenye ubao wenye ukubwa wa kadi ya benki kwa dola 35, na walioibuni kule Cambridge walitaka wanafunzi wapate kitu cha kujifunzia ambacho hakuna mzazi angeogopa kikiharibika. Yangu ni seva ya nyumbani. Inahifadhi nakala za miradi yote, nyaraka za lugha ninazozitumia ili nisome bila kula bando, na vifurushi vya programu vya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ninavyovihitaji mara kwa mara, kiasi kwamba nikisimika mfumo kwenye kompyuta ya mtu, vitu vingi hutoka chumba cha pili wala havivuki bahari.

Pi ndiyo iliyonifundisha kuhusu saa. Mpaka toleo la nne, ubao huu hauna saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukiwa umezimwa. Ukiwaka huuliza wakati kutoka kwenye intaneti, na intaneti isipokuwapo huendelea pale ulipoachia. Asubuhi moja, baada ya usiku mrefu wa giza na mtandao ukiwa bado haujarudi, niliiwasha nikakuta inaamini kwamba ni jana saa mbili usiku. Nakala zilizofuata ziliandikwa kwa tarehe ya uongo, zikaonekana kuwa za zamani kuliko zile zilizotangulia, na programu ya kusafisha, ambayo niliiagiza ifute za zamani, ikafuta zisizostahili kufutwa. Nilipoteza kazi ya siku moja. Sikupoteza zaidi kwa sababu ThinkPad ilikuwa na historia yake kamili. Dawa yake ni kifaa kidogo kiitwacho DS3231, ambacho ni saa yenye kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi. Hupachikwa kwenye pini za ubao na hakikosei zaidi ya dakika chache kwa mwaka. Tangu siku hiyo sina seva ninayoiweka mahali popote, iwe kwangu au kwa mteja, bila kwanza kuuliza: huyu akizimika na kuwaka peke yake bila mtandao, atajua ni saa ngapi?

Kadi ndogo ya kumbukumbu inayotumiwa na Pi nayo haipendi umeme wa kukatika ghafla. Mbili ziliniharibikia, kisha nikahamishia mfumo wote kwenye diski ya SSD ya kuchomeka, na hilo likaisha.

Suala la umeme lenyewe lilinichukua muda mrefu kulipatia jibu ninaloliamini. Nilianza na UPS za kawaida, vile visanduku vya umeme wa akiba vyenye betri za risasi na asidi, ambazo hukaa mwaka mmoja na nusu hivi katika joto letu, kisha huanza kulia ovyo na kufa. Mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulipotushika, nilikaa chini na multimita na karatasi, nikapima kila kifaa kinakula kiasi gani. Pi ilikuwa wati 5, ruta wati 8, ThinkPad ikiwa kazini wati 25. Jumla ni wati 38, chini ya balbu moja ya zamani. Kisha nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: vifaa vyote vitatu havitumii umeme wa ukutani. Ruta inataka volti 12, Pi volti 5, ThinkPad volti 20, na vyote ni umeme wa aina ile ile ya betri. Inveta ingechukua umeme wa betri, iupandishe hadi volti 230, kisha chaja tatu ziushushe tena, na katika safari hiyo ya kwenda na kurudi sehemu nzuri ya nguvu ingepotea kama joto.

Kwa hiyo sikununua inveta. Nilinunua betri moja ya lithiamu ya aina ya fosfeti, volti 12.8 na ampea-saa 50, iliyotolewa kwenye mtambo wa sola na kupimwa mbele yangu, nikaunganisha ruta moja kwa moja kupitia fyuzi na kidhibiti volti, nikaweka kishushi cha volti 5 kwa ajili ya Pi na kipandishi cha volti 20 kwa ajili ya kompyuta. Hesabu ni rahisi: 12.8 mara 50 ni wati-saa 640, toa upotevu kidogo, gawanya kwa 38, unapata takribani saa kumi na tano. Fyuzi msiidharau. Waya mbili za betri ya aina hiyo zikigusana kwa bahati mbaya hutoa mkondo unaoweza kuyeyusha bisibisi, na mtu anayejijengea mfumo kama huu aanze na fyuzi kabla ya kununua kitu kingine. Sasa umeme ukikatika jioni, mtaa wote unaingia gizani, feni inasimama, lakini mezani hakuna taa inayopepesa. Mara nyingi najua kwamba umeme umekatika kwa sababu ya ukimya wa jokofu.

Nimekiacha mwisho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, kwa kuwa ndicho ninachokiheshimu zaidi. Ni kitochi, Nokia 105, ile simu ya mama mdogo. Watu waliziita simu hizi vitochi kwa sababu ya ile taa ya juu, ambayo Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliizoesha dunia. Simu ile iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250, na vijijini kwetu taa yake ilikuwa na thamani sawa na sauti yake. Wengi wanaoandika programu hapa mjini hawana kitochi mezani. Wanaandikia huduma za USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli, na ujumbe mfupi, ambazo watumiaji wake wakubwa ni watu wa vitochi, kisha wanazijaribu kwenye simu janja. Nami nilifanya hivyo kwa miaka.

Nilikuwa nimetengeneza mfumo wa kuwatumia ujumbe wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, wapatao mia sita. Kila mfugaji anapopeleka maziwa kituoni, asubuhi na jioni, simu yake inapokea idadi ya lita. Wakati fulani uongozi wao uliomba maneno ya ujumbe yabadilishwe, wakaniletea maandishi mapya yaliyoandikwa kwa uangalifu: "Habari. Maziwa ya ng'ombe wako ya leo asubuhi: lita 7.5. Jumla ya wiki: lita 46. Malipo yatatumwa Jumamosi kwa namba hii. Kituo cha maziwa." Nilihesabu herufi, zikawa 139. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160. Niliyabandika, nikajaribu kwenye simu janja yangu, yakafika vizuri, nikaendelea na mengine.

Siku mbili baadaye salio la kutumia ujumbe lilikuwa limeshuka mara tatu ya kawaida. Nilipekua msimbo wangu wote nikitafuta mahali unapotuma mara tatu, sikupaona. Ndipo nilipochukua kitochi, kilichokuwa kimelala kwenye droo na laini ya zamani, nikajitumia ujumbe ule ule. Pale palipotakiwa pasomeke ng'ombe, katikati ya g na o palikuwa na kisanduku kitupu.

Nilifungua faili la maandishi kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, yaani vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia herufi. Ritifaa ya kawaida, ile alama ya ' iliyosimama wima kwenye kibodi, huandikwa kwa baiti moja, 27. Mahali pake nilikuta baiti tatu: e2 80 99. Mwandishi wa maandishi yale alitumia programu ya kuandikia barua, na programu hiyo, kwa nia ya kupendezesha, ilikuwa imeibadilisha ritifaa yake iliyosimama ikawa ile iliyopinda kama mkia. Kwa jicho la binadamu zote mbili ni ng'ombe. Kwa mtandao wa simu ni mambo mawili tofauti kabisa. Ujumbe mfupi hubeba baiti 140, kila baiti ikiwa na biti 8, na hauzidi hapo. Alfabeti ya asili ya GSM, mfumo wa mitandao ya simu, hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndiyo maana zinaingia herufi 160; lakini ikitokea herufi moja tu isiyokuwamo katika alfabeti hiyo, ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi 70 hukatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu nafasi iliyobaki huchukuliwa na namba za kuviunganisha vipande. Vipande viwili hubeba 134. Ujumbe wangu ulikuwa na 139. Herufi tano zilizozidi zilikuwa zikitulipisha ujumbe wa tatu, mara mbili kwa siku, kwa wafugaji mia sita, na yote hayo yalitokana na ritifaa moja.

Katika lugha yetu jambo hili si la nadra. Hatuna herufi zenye vistari wala vitone, na kila herufi ya Kiswahili imo katika alfabeti ile ya GSM. Tunaitumia simu ya kitochi kwa raha kuliko Wafaransa au Wapolandi. Mlango mmoja tu ndio ulio wazi, nao ni hiyo ritifaa ya ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, na ya majina ya watu ambayo hakuna mwandishi wa programu mwenye haki ya kuyaandika vibaya. Sasa mfumo wangu huinyoosha kila ritifaa iliyopinda kabla ya kuhesabu, na ukikuta herufi nyingine yoyote isiyotambulika na alfabeti ile, hukataa kutuma na kumwonyesha mhusika ni ipi. Kitochi kimetoka kwenye droo, kinakaa mezani kwenye chaja, na hakuna ujumbe wala menyu ya USSD inayotoka kwangu kabla sijaisoma kwenye kioo chake. Menyu ya USSD nayo ina mpaka wake wa herufi 182, na kuibana hesabu ya mfugaji ndani ya hizo ni kazi ya uandishi kama kazi nyingine yoyote ya uandishi.

Mwezi uliofuata nilisafiri kwenda Rungwe kuangalia mizani mpya ya kituo. Nilibeba ThinkPad, kitochi na flashi. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi, wafugaji wamepanga foleni na ndoo zao, na bibi mmoja mwenye ndoo ya kijani alisimama karibu na meza niliyokuwa nimewekewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe unayetutumia zile meseji?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi anza na lita. Mimi nikibonyeza simu naona 'Habari, maziwa ya', halafu basi. Lita mpaka niifungue, na miwani naiacha nyumbani."

Nilichukua kitochi changu, nikafungua orodha ya ujumbe ulioingia, nikauona kama anavyouona yeye: mstari mmoja, maneno matatu ya mwanzo, na lita hazimo. Nilikuwa nimeusoma ujumbe ule kwenye kioo hicho mara nyingi, lakini kila mara nilikuwa nimeshaufungua.

Kituoni hapakuwa na mtandao wa maana. Niliandika maneno mapya pale pale, nikayahifadhi kwenye Git, na jioni nikayasukuma kutoka Tukuyu mjini baada ya kuzungumza na mwenyekiti wao kwa simu. Ujumbe mpya una herufi 85: "Lita 7.5 leo asubuhi. Wiki: lita 46. Malipo Jumamosi kwa namba hii. Kituo cha maziwa." Neno ng'ombe halimo tena. Kesho yake bibi alimimina maziwa yake, akasubiri kidogo, akafungua fundo la khanga, akatoa simu ambayo namba zake zilikuwa zimefutika kwenye vitufe, akaisogeza mbali na macho kwa urefu wa mkono, na akasoma kwa sauti, "Lita sita."